Donda la mguu: acheni kuniuliza nilipaka nini

Tangu niseme donda langu limefunga, ujumbe ni ule ule. Wa jana: "Dada, ulipaka nini?" Sikupaka cha ajabu. Nilifungwa bendeji ya kubana, nikaivumilia.

Donda lilikuwa juu kidogo ya kifundo, upande wa ndani, ngozi pembeni imegeuka kahawia na kukakamaa, maji yanachuruzika hadi kwenye kiatu. Muuguzi mmoja aliniambia mbele za watu kwamba ni uchafu wangu. Neno hilo linaniuma hadi leo, maana si kweli. Vali za vena, yaani vilango ndani ya mishipa inayorudisha damu moyoni, zikilegea, damu inayotakiwa kupanda hutuama chini, presha ndani ya vena hizo inapanda, mguu unavimba, ngozi inadhoofika na kuchanika. Kumwagia poda hapo ni kupiga deki huku bomba limepasuka.

Bendeji ndiyo inayoisukuma hiyo damu. Kwa kawaida hulengwa mbano wa milimita 40 hivi za zebaki kwenye kifundo. Lakini msijifunge wenyewe! Kwanza upimwe presha ya kifundo ilinganishwe na ya mkono. Uwiano ukiwa chini ya 0.8, huenda ateri, mishipa inayoleta damu mguuni, zimeziba, na mbano mkali unaweza kuua mguu.

Donda kubwa, au lililokaa zaidi ya mwaka, huchelewa kufunga. Unene na sigara navyo vinachangia, na aliyewahi kuganda damu mguuni ana kazi zaidi. Kinachosahaulika ni kifundo kilichokakamaa: misuli ya shavu la mguu ndiyo pampu, na kifundo kisipokunjika pampu imelala. Mimi nilikuwa nakunja na kukunjua hata ibadani, watu wakinitazama.

Nanyi mnaomeza antibayotiki kila wiki, acheni. Bakteria wapo kwenye kila donda sugu. Dawa hizo ni za wekundu unaosambaa, homa, maumivu yanayozidi. Miguu mnaining'iniza kutwa halafu mnalalamika. Iinueni ipite usawa wa moyo!

Muulizeni daktari pia kuhusu kuziba vena mbovu mapema. Utafiti wa EVRA wa Uingereza, uliochapishwa 2018, ulionyesha kwamba donda hufunga haraka zaidi kuliko ukingoja lipone kwanza ndipo vena zizibwe.

Likishafunga, zinafuata soksi za kubana, la sivyo linarudi. Zangu nazivaa asubuhi kabla sijashuka kitandani, mguu haujapata nafasi ya kuvimba.