Futa hizo picha za namba kabla mwizi hajaziona

Mkuu, futa kwanza, halafu rudi usome. Umesema pikipiki yako, Triumph Bonneville ya 1969, imeibwa bandani huko Leicester, kwamba umeona muuzaji wa Coventry ametangaza tangi la mafuta linalofanana na lako, na kesho unataka kumwaga picha za namba ya injini na ya fremu kwenye kila kundi la pikipiki za zamani. Tatu umeshaziweka hapa. Kwenye moja nimesoma mpaka herufi mbili za mwanzo wa namba: ya pili ni C, yaani modeli ya 1969. Kama mimi nimeisoma kwenye simu, na mwizi ameisoma.

Yangu ilikuwa Triumph T120 ya 1970. Ilichukuliwa usiku kwenye gereji ya kupanga, Birmingham. Asubuhi nikaomba ushauri kwenye kundi moja la mtandaoni. Jamaa mmoja, wale ambao hakuna swali linalowapita, akanijibu hapo hapo: weka kila kitu hadharani, hataweza kuiuza. Nikamwamini. Nikaweka namba ya injini, namba ya fremu, na mshono wa kuchomelea karibu na stendi. Nikaweka hata zile namba ndogo zilizogongwa chini ya kasha la injini, zinazoonyesha kuwa nusu zake mbili ni pacha tangu kiwandani Meriden. Watu wakasambaza mpaka usiku. Nikalala nikijua nimemfungia mwizi milango yote.

Kumbe nilikuwa nimemwandikia orodha ya vitu vya kufuta.

Wiki sita baadaye nikalikuta kasha la injini kwenye gulio la spea, limewekwa juu ya turubai katikati ya kabureta na taa kuukuu. Nikapiga magoti. Kwenye Triumph za miaka hiyo namba inagongwa upande wa kushoto, chini ya silinda, kwenye sehemu iliyoinuka kidogo yenye nembo ndogondogo za Triumph zilizotapakaa kote, ili mtu akisaga ionekane. Pale palikuwa laini kama mgongo wa kijiko. Nikaligeuza. Chini nako pamepigwa grenda, nusu zote mbili, mahali pale pale nilipopapiga picha. Wezi wangapi wanajua kwamba kule chini kuna namba? Huyu alijua kwa sababu nilimwonyesha mimi.

Polisi walikuja, wakaniuliza nitathibitishaje kuwa ni langu. Muuzaji akasema alilinunua kwenye lundo. Nilisimama pale nimeshika simu yenye picha za alama ambazo hazipo tena. Nilipomrudia yule mshauri akaniambia angalau nilijaribu. Mtu ambaye hajawahi kuibiwa hata kengele ya baiskeli! Bado yupo kule, bado anawaambia watu weka kila kitu hadharani, na ndiyo maana naandika kwa ukali hivi.

Namba mpe mhakiki wa klabu ya pikipiki za zamani, usiipe dunia. Wengi wanadhani klabu ni za kunywa chai na kupiga picha Jumapili. Uingereza, pikipiki ya zamani isiyo na makaratasi haisajiliwi hivi hivi na DVLA, mamlaka ya usajili wa magari na pikipiki. Mwenye nayo anatafuta klabu inayotambulika imthibitishie mwaka wake, na mhakiki anataka kuona namba zilivyogongwa, kwa picha au kwa karatasi iliyosuguliwa penseli juu yake. Vintage Motor Cycle Club (VMCC), iliyoanzishwa 1946, inatunza mpaka kumbukumbu za kiwanda cha Triumph. Sasa fikiria: fremu yako inauzwa, inauzwa tena, inafika kwa mtu asiye na hatia anayetaka kuiunda upya na kuitembeza barabarani. Huyo ataipeleka kwa mhakiki kwa mikono yake mwenyewe. Inaweza kuwa mwakani, inaweza kuchukua miaka minane. Lakini itafika na namba yake ikiwa mwizi hakushtuliwa.

Kwa hiyo: ripoti polisi, upate namba ya kesi. Waandikie wahakiki, wa VMCC na wa klabu ya wenye Triumph, uwape kila ulichonacho pamoja na hiyo namba ya kesi. Hadharani weka picha ya pikipiki nzima kwa mbali, rangi, mtaa na tarehe. Basi. Na huyo muuzaji wa Coventry mwenye tangi linalofanana na lako usimwandikie neno. Hifadhi tangazo lake lilivyo, wapelekee polisi.

Makundi mengine yote yasubiri, mkuu. Usiku huu huu waandikie wahakiki.

Kasha langu bado liko mitaani. Kuna alama moja kwa ndani ambayo siku ile sikuikumbuka, kwa hiyo sikuiweka. Mhakiki wa klabu anayo. Sitaitaja hapa.