Nani hasa alianzisha chingamu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi cherehani, Tanga. Barazani kwetu kumezuka ubishi. Mwenzangu amesoma kwenye simu kwamba chingamu ilibuniwa na mhasibu mmoja wa Marekani mwaka 1928. Mimi nimekataa, maana bibi yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, alitafuna ubani tangu usichana wake, na alifundishwa na wakubwa zake. Tuamulie.

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwenzako hakusema uongo, ila ameshika mkia akadhani ndiye ng'ombe mzima. Mhasibu huyo ni Walter Diemer wa kampuni ya Fleer, Philadelphia. Alichokipata ni chingamu ya kupuliza, ile inayovutika ikawa puto bila kugandia usoni. Kampuni yake iliijaribu tangu 1906 ikashindwa. Diemer alikuwa kijana wa miaka 23, kazi yake hesabu, majaribio aliyafanya pembeni. Hata ile rangi ya waridi tuliyokua nayo ilitumika kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu kiwandani.

Kutafuna kwenyewe ni kwa kale mno. Ubani wa bibi yako ni utomvu wa miti ya Dhofar kule Oman, na wa Somalia pia, na majahazi yaliuleta pwani yetu kwa karne nyingi. Mwanzo unavunjikavunjika mdomoni na uchungu wake unakera. Ukivumilia, unalainika, unashikana, pumzi inanukia. Wagiriki wa kisiwa cha Chios nao wana mastiki yao, utomvu wa mti wa kutafuna. Huko Syltholm, Denmark, wachimbaji walipata donge la lami ya magome ya betula, mti wa nchi za baridi, lililotafunwa miaka 5,700 iliyopita. Mwaka 2019 wanasayansi walitangaza kwamba wametoa humo vinasaba vya mtafunaji: mwanamke, ngozi nyeusi, macho ya buluu. Walikuta hata dalili kwamba alikuwa amekula bata.

Lakini kama mnabishania chingamu ya dukani, twendeni Meksiko. Wamaya na Waazteki walitafuna utomvu wa mti unaozaa lile tunda la kahawia ambalo Wahindi huliita chiku. Katika miaka ya 1860, Jenerali Santa Anna, aliyepata kuwa rais wa Meksiko mara kadhaa, alikuwa uhamishoni New York. Kupitia kwake utomvu huo ulimfikia Thomas Adams, mvumbuzi wa huko New York, wote wawili wakitumaini utakuwa mbadala wa mpira. Adams akahangaika nao kutengeneza magurudumu, viatu na vitu vya kuchezea. Vyote vikamkatalia. Mwishowe akauchemsha, akaukata vipande na kuuza wa kutafuna, na mwaka 1871 akapata hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, ya mashine yake ya kutengeneza chingamu. Mfanyabiashara William Wrigley alifuata baadaye, Chicago. Alikuwa akiuza sabuni na unga wa kuumulia (baking powder), chingamu ikiwa zawadi kwa mnunuzi, mpaka akaona watu wanaitaka zawadi kuliko bidhaa.

Wavumbuzi hutajwa sana. Mimi nawataka mwatazame wagema wa utomvu huo. Katika misitu ya Yucatán, Meksiko, na Petén, Guatemala, msimu wa mvua, mgema alijifunga kamba kiunoni na kuuzungushia mti, akapanda huku akichanja gome kwa panga, mchanjo wa kulia, wa kushoto, mpaka juu. Maziwa meupe yakafuata michanjo hiyo yakishuka hadi kwenye mfuko chini ya shina. Panga likikosea likakata kamba, mtu ameanguka. Kisha utomvu ukachemshwa kambini kwenye sufuria kubwa, ukikorogwa bila kupumzika, ukafinyangwa matofali. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, askari wa Marekani walipewa chingamu katika posho yao, na wagema wakatakiwa kutoa zaidi na zaidi. Baada ya vita viwanda vikahamia malighafi za petroli, soko lao likaporomoka. Naona ni dhuluma kwamba historia ya chingamu husimuliwa kwa majina ya wenye viwanda peke yao.

Msingi wa chingamu nyingi za leo ni polima, yaani kemikali za kiwandani kama za plastiki na mpira, za jamii ileile inayotoa gundi nyeupe ya maseremala na mpira wa tyubu za baiskeli, ila zimesafishwa kwa viwango vya chakula. Bibi yako alitafuna mti. Wewe unatafuna zao la kiwandani.

Kwa hiyo ubishi wa kutafuna umeshinda wewe. Wa kupuliza kashinda mwenzako.

SWALI: Mwanangu kameza chingamu. Ni kweli itakaa tumboni miaka saba? (Mama wa Morogoro)

JIBU: Si kweli, dada yangu. Sukari na ladha humeng'enywa, na ule msingi hausagiki, lakini utumbo huusukuma ukatoka chooni baada ya siku chache. Cha kuchunga ni mtoto mwenye mazoea ya kumeza nyingi kila siku, hasa akiwa na tatizo la kufunga choo, kwani zinaweza kushikamana na kuziba. Akiumwa tumbo, akatapika na choo hakipatikani, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Na asiyeweza bado kuelewa "tafuna, usimeze" asipewe kabisa.