Je, mchezaji aliyeishiwa pumzi "hana nguvu"?

Mwalimu wa michezo katika shule moja ya sekondari mjini Mbale ameniuliza: "Ninapojaza ripoti za wanafunzi, kila udhaifu wa mwili najikuta nauandika 'hana nguvu', hata kwa mchezaji anayehema dakika ya 70. Je, ni sahihi? Na ni neno gani linalobeba sifa zote za mwili kwa pamoja?"

Mwalimu, katika mazungumzo utaeleweka, hasa kwetu tunaozungumza Kiswahili huku neno amaanyi la Kiluganda, yaani nguvu za kila namna, likiwa akilini. Ripoti, hata hivyo, inataka neno linaloonyesha palipo na upungufu, kwa sababu hapo ndipo mazoezi yatakapoelekezwa.

Mtazame mwuza matoke. Anapounyanyua mkungu mzito kutoka chini na kuupakia kwenye baiskeli kwa mkupuo mmoja, hiyo ni nguvu. Anapoisukuma baiskeli hiyo kupanda kilima hadi sokoni, mikono na mapaja yakirudia kazi ileile bila kulegea, huo ni ustahimilivu wa misuli. Moyo na mapafu yake yakiendelea kuipatia misuli oksijeni ya kutosha njia nzima, huo ni ustahimilivu wa moyo na mapafu, ambao mitaani huitwa pumzi au stamina. Mwanariadha wa Uganda Joshua Cheptegei alipokimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11 mjini Valencia mwaka 2020, sifa iliyombeba zaidi ilikuwa hiyo ya tatu.

Wengi pia huchanganya wepesi na unyumbufu. Unyumbufu unatokana na kitenzi nyumbuka: donge la chapati lililokandwa vizuri hunyumbuka chini ya kiganja bila kuchanika, na ndivyo misuli na viungo vinavyotakiwa kuwa. Wepesi nauachia mchezaji anayegeuka ghafla na mpira pasipo kuyumba. Uwiano wa mafuta na misuli nao usiuite uzito, kwa maana watu wawili wenye kilo 70 wanaweza kutofautiana sana kwa jambo hilo.

Kuhusu neno la jumla, wapo wanaotumia ukakamavu, na si kosa. Mimi hunitatiza, kwa kuwa lina undugu na kakamaa, yaani kuwa kigumu, ilhali unyumbufu ni mojawapo ya sifa tunazozitafuta. Siha ni neno zuri, lakini linaelekea zaidi kwenye afya. Ninapendelea utimamu wa mwili: kama akili timamu ilivyo akili isiyopungukiwa, mwili timamu hauna sifa hata moja iliyoachwa nyuma.

Mchezaji wako wa dakika ya 70, basi, mwandikie hivi: "Ana nguvu na wepesi, ila ustahimilivu wa moyo na mapafu bado ni mdogo."