Saumu ya Teej na nyimbo zake

SWALI: Ninafanya kazi ya usafi hotelini hapa Doha, na ninaishi chumba kimoja na dada kutoka Nepal. Mwaka jana alishinda siku nzima bila kula wala kunywa, akavaa sari nyekundu, na jioni akacheza na wenzake huku wakiimba. Aliniambia anamfungia mumewe. Ni saumu gani hiyo, na mbona nyimbo zenyewe zilimliza?

JIBU: Dada yangu, hiyo ni Teej, sikukuu ya wanawake wa dini ya Kihindu nchini Nepal na kaskazini mwa India, ambayo huangukia siku ya tatu tangu kuandama kwa mwezi wa Bhadra, yaani Agosti au Septemba. Usiku wa kuamkia saumu huliwa dar, mlo mzito wa samli na wali wa maziwa, mithili ya daku. Baada ya hapo wengi hawagusi hata tone la maji, ingawa wajawazito na wagonjwa hulegezewa.

Husimuliwa kwamba mungu wa kike Parvati, binti wa Himalaya, mfalme wa milima, aliposwa na mungu Vishnu kwa ridhaa ya baba yake ilhali moyo wake ulikuwa kwa mungu Shiva. Shoga yake akamtorosha hadi msituni, na huko akafunga na kuomba mbele ya lingam (nguzo fupi, ishara ya Shiva) ya mchanga mpaka Shiva akamkubali. Jina kamili la sikukuu, Haritalika Teej, linatokana na kutoroshwa huko (harit ni kutoroshwa, alika ni shoga), nami hufurahi kwamba limemkumbuka shoga.

Kuhusu nyimbo, desturi ni kaka kumfuata dada yake kwa mumewe na kumrudisha nyumbani kwa wazazi, yaani maiti kwa Kinepali (neno hilo lisikutishe). Huko, dada akiwa miongoni mwa wenzake, huimba asiyoweza kuyatamka mwaka mzima: ukali wa mavyaa, ulevi wa mume, mizigo ya kuni, baba aliyemwoza mbali. Saumu ni ya mume. Nyimbo, nionavyo, ni zake mwenyewe. Si ajabu kwamba alilia, kwani Doha hakuna kaka wa kumfuata.

Mwaka huu ukiona taa ya mafuta chumbani usiizime unapolala, maana hutakiwa kuwaka hadi asubuhi. Maji mwekee karibu, atayanywa akishamaliza ibada yake ya asubuhi.