Jibu: Kijana wa miaka 14 mwenye mgongo wazi anakwenda bweni, na mpaka leo namtoa mkojo mimi

Mama mwenzangu, anaweza kwenda. Binti yangu ana mgongo wazi kama mwanao, yaani alizaliwa uti wa mgongo haujafunga vizuri, na mishipa ya fahamu ya kibofu na miguu haifanyi kazi sawasawa. Alikaa bweni na sasa yuko chuo. Ila usingoje Januari ifike, anza likizo hii.

Kuingiza mpira wa kutolea mkojo (katheta) ni kazi ya kujifunza kwa muda mfupi, hasa kwa mvulana, maana anaona anachofanya. Wangu alianza kwa kioo, baadaye akazoea kupapasa. Nesi wa kliniki atamwelekeza: kunawa kwa sabuni, kupaka jeli, kusubiri mkojo uishe kabisa, kuvuta polepole.

Shughuli iko kwenye saa. Wengi wanaambiwa watoe mkojo kila yakipita masaa manne hivi mchana, na bweni kuna foleni ya choo na macho ya wenzake. Ataruka zamu ya saa sita na siku hiyo hataumwa popote, kwa hiyo kesho ataruka tena. Mkojo ukikaa unaleta maambukizi, na kibofu kilichojaa kupita kiasi kinaweza kurudisha presha kwenye figo. Figo zinaharibika kimyakimya. Mimi nikisema hivyo binti aliona ni maneno ya mama. Siku daktari alipomgeuzia kioo cha ultrasaundi, akamwonyesha figo zake mwenyewe, jioni ile aliweka alamu kwenye saa bila kuambiwa.

Kliniki nako acha kumjibia. Daktari wetu alizoea kuniuliza mimi, "Choo anapata?" Nikawa namgeukia binti, nakaa kimya. Mara ya kwanza aliangalia sakafu mpaka nikatamani kusema mimi, halafu akajibu vizuri tu, tena mambo ambayo sikuyajua. Wako ni wa kiume, mwombee dakika chache na daktari wewe ukiwa nje. Kuna maswali hatayauliza mbele yako.

Kama ana mrija wa kichwani (shanti), ule wa kupunguza maji kwenye ubongo, hili alijue kama jina lake: kichwa kikiuma sana, akitapika, akisinzia isivyo kawaida, ni hospitali siku hiyohiyo. Patroni atadhani malaria na kumpa Panadol, kwa hiyo patroni naye aelezwe mapema, kwa maandishi. Vilevile ajue saizi ya mpira wake, na awahi kumwambia mhudumu kuhusu mzio wa lateksi, ule mpira wa kutengenezea glavu, kabla glavu hazijavaliwa. Watoto wetu wengi wanao. Kila usiku akague nyayo na makalio kwa kioo, maana kidonda asichokisikia ndicho kinachomlaza wodini. Viatu vipya vya shule ndivyo vibaya zaidi.

Shuleni patroni na mwalimu mmoja wanatosha kujua, na waombe ufunguo wa choo cha walimu. Darasa zima atawaambia mwenyewe akitaka.

Wewe baki na kununua mipira na kufuatilia tarehe za kliniki. Mimi hizo nilimkabidhi alipofika kidato cha tano.