Breki ya mbele inayoshika mara moja na kukataa mara nyingine

Ndugu, kwa kuwa mkono wa breki yako ya diski wakati mwingine hufika hadi kwenye mshikio, ubane na kuuachia mara kadhaa pikipiki ikiwa imesimama. Ukiwa mgumu baada ya hapo, yaelekea kuna hewa ndani ya mfumo na ni lazima itolewe; lakini ukiubana kwa nguvu isiyobadilika nao ukazama polepole, bila mafuta kuvuja popote nje, shuku raba za silinda kuu, yaani ile iliyo kwenye mkono wa breki inayosukuma mafuta. Ikiwa breki hulegea kwenye miteremko mirefu tu, badilisha mafuta ya breki, kwa sababu DOT 4, aina ya mafuta hayo, hunyonya unyevu na, ikizeeka, huchemka mapema. Pedi zikague pia. Nakusihi usibebe abiria kabla ya kuitengeneza.