Bahasha ya tipu na Jumapili zako: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza kwanza sokoni Mbuyuni, nikaurudia jioni nyumbani kwa sababu wapiga debe walikuwa na sauti kuliko wewe. Nakujibu kwa kuandika. Nikisema kwa sauti nitafoka au nitalia, na hakuna kati ya hayo kitakachokusaidia.

Umeuliza mambo mawili ukayafunga kifurushi kimoja. La kwanza: msimu ukianza Jumapili zinakukuta mlimani Kilimanjaro na wageni, ahadi yako kanisani iko nyuma, na umeanza kumkwepa mzee wa kanisa. La pili ulilisema haraka haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai: kwamba safari ya mwezi wa tatu kiongozi mkuu aliifungua pembeni bahasha ya tipu, zile pesa za asante wageni walizowaachia nyote, akakata, akakupa fungu lako wewe msaidizi wake, ndipo akawatangazia wapagazi kilichobaki. Ukapokea. Halafu ukaniuliza, "Mama, kwenye kazi kama hii mtu anaishije Ukristo? Au niiache?"

La Jumapili ni jepesi, tulimalize. Usharika haujakufuta. Vijana wangapi wa Machame na Marangu wanakula kwa mlima, mchungaji anajua. Ukishuka siku ya Alhamisi, tafuta jumuiya. Hata huko Sakina, Arusha, watu wanakutana nyumba kwa nyumba, uliza tu majirani. Ahadi lipa kidogo kidogo kwa simu. Na mzee wa kanisa msalimie, hakuumi. Ila ile hoja yako kwamba Mungu yupo hata kambini Barafu, kwa hiyo unaomba mwenyewe inatosha, hiyo sijaipokea. Yupo, ndiyo. Lakini Barafu hakuna bibi wa jumuiya atakayekuuliza mbona siku hizi umekonda, mbona umenyamaza, kuna nini. Bahasha hii ungeshaisema zamani kama ungekuwa na watu wa kukuuliza.

Sasa hiyo bahasha.

Ulipokuwa kwenye mafundisho ya kipaimara mlisoma Luka sura ya 3. Watu wanamwendea Yohana Mbatizaji Yordani, wanamuuliza wafanye nini. Anaanza na umati: mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo, na mwenye chakula vivyo hivyo. Wakaja watoza ushuru. Kazi yao ilinuka kuliko yako, maana waliwakusanyia Warumi kodi, na kila mtu alijua wanaongeza cha juu. Mimi ningetegemea awaambie waache kazi. Hakuwaambia. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walichoamriwa. Askari nao wakauliza, akawakataza kudhulumu watu, akawaambia watosheke na mshahara wao. Watu wamefuata ubatizo, mhubiri anawaongelesha habari za cha juu! Kwa hiyo usiache kazi. Acha cha juu.

Najua utaniambia tipu si mshahara, ni zawadi, na zawadi kiongozi ndiye anayeigawa. Hebu jiulize mgeni alipotia zile dola kwenye bahasha alikuwa anamfikiria nani. Alikuwa anamfikiria yule kijana aliyempita kwenye ule ukuta wa mwamba wa Barranco ana hema kichwani, yeye mgeni kabeba chupa ya maji na pumzi zimemwishia. Walawi 19 inasema ujira wa kibarua usilale kwako mpaka asubuhi. Huo ni ujira wa kulala usiku mmoja tu. Ulio kwako umelala tangu mwezi wa tatu.

Nikueleze ninavyoliona mimi, mwuza maharage. Pale sokoni kuna sado, vile vindoo vya kupimia, zilizobonyezwa kitako. Zinaonekana nzima, lakini ukimimina nyumbani unakuta pungufu. Mwenye nayo akiulizwa atakwambia ushuru wa soko umepanda, gunia limepanda, na kila mtu anafanya. Nimekaa nao miaka mingi nikagundua kitu: sado iliyobonyea haimuumizi tajiri. Mwenye hoteli ananunua gunia, anapima kwa kilo, na anakuja na mtu wake wa kuhakikisha. Anayeibiwa ni mama aliyekuja kununua sado moja, tena akiwa na watoto wanne nyumbani. Cha juu siku zote kinamtafuta asiye na mizani.

Huko kwenu ni vilevile. Getini mpagazi anapimiwa mzigo, mwisho kilo 20, na askari wa hifadhi anaangalia. Wote mnakuwa waadilifu pale. Mkishaingia msituni, mizani imebaki nyuma, na ndipo kibegi kimoja kinahamia kwa mgumu mmoja, ndivyo mnavyowaita wapagazi, aliye mpole kuliko wenzake. Uliwahi kunisimulia mwenyewe ukiwa bado unabeba, ukicheka, lakini shingo yako nilikuwa naikanda mimi kwa maji ya moto. Sasa umepanda cheo. Hakuna anayekuongezea kibegi. Swali lako la Ukristo mimi naliona liko hapo: ukishapita geti, yule aliye chini yako anakuonaje?

Biashara hii ya kubebea wageni ni ya zamani kuliko ulutheri wetu. Mjerumani Hans Meyer alifika kileleni mwaka 1889 na mizigo yake ilibebwa na Waafrika. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika hapa Machame mwaka 1893. Tangu hapo tumejenga makanisa, shule na hospitali, tumetoa wachungaji na maaskofu. Lakini siku ya kugawana malipo ya mlimani bado kuna watu wanaona kanisa liishie kwenye vibanda vya geti.

Na usidhani ugonjwa huu ni wa mlimani tu. Unajua ninavyoupenda mnada wa baada ya ibada; trei la mayai likinadiwa mara tatu na kurudishwa tena madhabahuni, hata mimi napiga vigelegele. Kuna bwana mmoja akinyanyua mkono kununua mkungu wa ndizi, bei inaruka mpaka watoto wanashangilia. Jumatatu nilimkuta anabishana na kijana wa mkokoteni juu ya elfu mbili, kijana amemsukumia mizigo tangu asubuhi, na mvua imemnyeshea. Mkungu ule wa ndizi Mungu aliupokeaje, sijui, hilo ni lake. Mimi nilimwonea kijana huruma. Kwa hiyo wenzako wanaokutia wivu kwa mistari ya Biblia na picha za kileleni, usiwahesabie haki wala dhambi kwa picha. Waangalie siku ya bahasha.

Nakwambia cha kufanya, maana hukuniuliza ili nikupe pole.

Fungu ulilopewa, lirudishe. Majina ya wale wagumu unayo na namba zao unazo. Ligawe sawasawa, umtumie kila mmoja kwa simu, uandike tu kwamba ni tipu ya safari ya Machame iliyokuwa imebaki. Usitie hubiri. Ukiandika "Mungu akubariki sana ndugu yangu mpendwa" watadhani unagombea udiwani. Zakayo alirudisha mara nne. Mimi nimekulea, najua mfuko wako, rudisha mara moja.

Kiongozi wako mkuu mwendee wewe na yeye peke yenu, kama Yesu anavyoelekeza katika Mathayo 18. Ni mkubwa kwako, mwite kaka kama kawaida, mnunulie chai, umweleze kwamba wewe fungu lako umelirudisha na kwamba safari ijayo hutapokea la pembeni. Usimseme kwenye grupu la WhatsApp. Usimpeleke ofisini kabla hujamkabili. Akikusikia, vizuri. Asipokusikia, angalau hatasema ulimchoma kisu mgongoni.

Na siku utakayopewa wewe safari ya kuongoza, mwombe mgeni ataje kiasi kwa sauti mbele ya wote, na bahasha ifunguliwe hapohapo, mpishi ahesabu. Wewe chukua fungu la kiongozi, ni kubwa na ni halali yako. Wala usione haya kulichukua. Umewapandisha watu usiku kwenye baridi ile na kuwashusha wazima.

Kuna gharama, sitakuficha. Huyo kaka anaweza asikuite tena, na wewe si mwajiriwa, unaishi kwa kuitwa. Wahubiri wengi siku hizi wangekwambia ukitenda haki Juni, Julai utapata safari mbili na gari. Mimi sikuahidi hivyo. Nimeona wauzaji wenye sado nzima wakifunga vibanda. Ninachoweza kukuahidi ni kwamba kihamba, shamba letu la nyumbani, kipo, migomba haijaisha, na chumba chako sijakigeuza stoo, ingawa shangazi yako amekipigia hesabu. Ukikosa safari, njoo tuvune.

Kuhusu kuja: tafuta Jumapili moja kabla ya mwezi wa sita. Kijana wa jirani, yule aliyemaliza kidato cha nne, anaanza upagazi msimu huu. Nimeona viatu alivyotafuta, raba za mtumba, soli imeachia upande mmoja. Wewe una jozi mbili za mlimani, niliziona Pasaka. Zile za kahawia zilete. Na lile koti la mvua lenye zipu mbovu usilitupe, fundi wa hapa Mbuyuni atabadilisha zipu siku hiyohiyo, nitamlipa mimi.

Mama yako